Siku Teno Walipotangulia Wimbo

Vijana wangu mnaofungua vibanda vya steshenari, ninyi mnaochapa kwa vidole kumi huku simu mmeibana begani, sogeeni. Nataka kuwaambia jinsi laptopu ilivyonifanya nicheke peke yangu barabarani kama mwehu, na wiki chache baadaye nikatamani sakafu ya kanisa ipasuke inimeze. Laptopu yenyewe haikuwa na kosa. Hilo nalisema mapema kwa sababu bado ninayo, na huenda inanisikia.

Nimechapa kwa miaka thelathini na kitu hapa Lushoto, hatua chache kutoka sokoni. Nimechapa barua za maombi ya kazi, kadi za michango ya harusi na wasifu wa marehemu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Lakini kilichonipa jina ni nota za kwaya. Mtu akitunga wimbo Mlalo, au Bumbuli, au kule Mtae ambako ukiangusha kofia inaokotwa tambarare, anauandika kwa penseli, do re mi za sauti nne, kisha anauleta kwangu. Mimi naugeuza kuwa karatasi safi ya kugawiwa wanakwaya.

Msidhani ni kazi ya mchezo. Sauti nne zinakaa juu, maneno yanakaa chini, na kila nota lazima isimame juu ya silabi yake. Mwenye elimu ya muziki atasema alama za mapigo zipo, mwimbaji ahesabu. Ni kweli zipo. Ila kwaya zetu za milimani, tusidanganyane, hazihesabu. Mwimbaji anaweka kidole kwenye silabi, anatazama juu yake kuna nota gani, anaiimba. Ukisogeza nota kidogo tu, umewasogeza watu kumi na wawili kwa pamoja, tena kwa sauti kubwa.

Aliyenifundisha ni Mzee Yafeti. Wakati huo alikuwa karani wa ofisi ya usharika na mtunzi wa nyimbo, na alikuwa na taipureta nzito ambayo kuibeba kulihitaji wanaume wawili na sala. Mimi nilikuwa binti wa miaka ishirini. Yeye alisimama nyuma yangu na fimbo, si ya kunichapa, ni ya kugonga sakafu.

"Kila pigo nafasi sita," alikuwa akisema. "Si tano, si saba. Nyumba ikiwaka moto, maliza nafasi sita ndipo ukimbie."

Kwenye taipureta kila herufi ina upana uleule, kwa hiyo ukihesabu nafasi, nota zinajipanga zenyewe. Vidole vyangu vilizoea hiyo sita mpaka leo nikikata vitunguu nakata sita sita. Amri yake ya pili ilikuwa kali zaidi: karatasi haitoki mlangoni kabla hujaiimba. Yote, sauti zote nne. Basi nikawa naimba besi pale ofisini, na mchungaji akipita dirishani anauliza nani anaumwa.

Nilipohamia kwenye kompyuta nilidhani amri hizo zimestaafu. Siku moja nilichukua wasifu wa marehemu mmoja nikaufanya kiolezo cha mwingine, nikabadili jina, nikabadili tarehe, nikasahau watoto. Msomaji akasimama mbele ya waombolezaji akasoma kwamba marehemu ameacha watoto tisa. Mjane alikuwa anawajua watatu. Mtulivu yule mama, aliinua kichwa akasema, "Endelea, baba, nataka nisikie majina." Nilijificha nyuma ya mgomba, na nikaapa kwamba tangu siku ile nitasoma kila kitu kabla hakijatoka.

Kiapo kilidumu miaka. Kikavunjwa na furaha.

Katika mwaka wangu wa mwisho kazini, Mzee Yafeti alikuwa amefika umri ambao watu wanamsaidia kupanda ngazi bila kumwuliza. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, penseli haoni inaandika wapi. Alikuwa ametunga nyimbo nyingi mno, na hata mmoja haukuwahi kuimbwa kwenye mashindano ya kwaya ya jimbo. Safari hii kwaya yetu, inayofundishwa na mume wangu Elia, iliamua kuimba wimbo wake mpya kama wimbo wa kujitungia. Mzee akaja kibandani kwangu alasiri nne mfululizo, amevaa koti lake zito na kofia ya sufu, akaniimbia sauti moja kila siku. Soprano, alto, teno, besi. Mimi nikachapa, sita sita.

Wimbo ulisema hivi: asubuhi ukungu ukiondoka, twaiona kazi yako. Ukiwa umezaliwa hapa unajua maana yake, maana kuna siku huku unatoka nje hukioni hata choo chako. Teno ndio waliopewa uzuri wote. Walibaki chini kwenye ukungu na wenzao, wakangoja, wakangoja, halafu wakapanda polepole pamoja na jua.

Alipomaliza besi, akaniambia, "Hakuna karatasi nyingine popote, mwanangu. Sasa wewe ndiye penseli yangu." Kesho yake akateremka Muheza kwa binti yake, akatibiwe macho.

Siku ya tatu laptopu ikazimika katikati ya neno.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa laptopu ile kabla ya kuokoka. Niliirithi kwa binti yangu Neema. Kuiwasha ilikuwa safari: unabonyeza, unaosha vyombo, unaanika, unarudi, kiduara bado kinazunguka. Kikiacha kuzunguka inakwambia inajisasisha, usiizime. Ikimaliza kujisasisha inaganda kwa uchovu. Na virusi! Flashi za wanakwaya zilitembelea makanisa ya jimbo letu kuliko mkuu wa jimbo, na kila moja iliniachia mgeni. Nilikuwa nimezoea. Lakini siku ile ilipozimika na wimbo wa mzee tumboni, nilikaa saa nzima nikiibembeleza kama ndama aliyekataa kunyonya. Ikawaka. Nikaunakili wimbo kwenye flashi, nikaibeba laptopu ndani ya kanga moja kwa moja hadi kwa Mwalimu Rehema.

Rehema anafundisha kompyuta sekondari. Ni mwanamke mpole, mwenye kucheka bila sauti, na mikono yake haina papara. Aliifungua, akaitazama, akaifunga.

"Shikamoo tena, mama," alisema, maana alitaka kunituliza. "Mashine yako ni nzima. Inabebeshwa mfumo mzito kuliko nguvu zake. Tuuondoe wote, tuweke mfumo huria. Ni mwepesi, na hivi virusi vya flashi haviuelewi."

"Haviuelewi vipi?"

"Vitaingia vikute nyumba haina mlango vinaoujua. Vitashangaa tu." Kisha akaniuliza, "Ila fonti ulizozoea zingine hazitakuwepo. Unatumia ipi kwenye nota?"

Sikilizeni jibu langu vizuri, kwa sababu huko mbele linanirudia. Nilisema, "Aa, mwalimu, weka yoyote. Herufi ni herufi."

Akaweka. Jamani, jamani, jamani! Nilibonyeza pale pale kwake, na kabla sijavuta kiti imewaka. Nikaizima nikaiwasha tena. Nikaizima nikaiwasha. Rehema akaniambia, "Mama, haitachoka, lakini mimi nina kipindi." Nikatoka pale nacheka njia nzima. Nilimwonyesha muuza mapeasi. Nilimwonyesha fundi viatu, ambaye hakuuliza. Elia aliporudi nyumbani nilimwambia akae, atazame, nikahesabu kwa sauti hadi laptopu ikafunguka, na yeye akasema, "Vema, sasa chakula?" Haikuganda siku ile, wala wiki ile, wala iliyofuata. Umeme ulipokatika ilibaki imewaka, ikanitazama. Niliitegemea kwa namna ambayo sijawahi kuitegemea mashine, na nafikiri hata wanadamu wachache.

Katika ulevi huo nikaufungua wimbo wa Mzee Yafeti. Ulifunguka mara moja. Niliona nota, niliona maneno, nikapiga vigelegele, nikaprinti nakala arobaini. Sikuimba hata pigo moja. Nilijiambia mashine imepona, nimwimbie nani?

Elia akaanza kuwafundisha kwaya. Mimi nilikuwa nimeacha kwaya kwa ajili ya kifua, baridi ya huku haina huruma, kwa hiyo sikuwepo. Lakini jioni ya kwanza alirudi anakuna kichwa.

"Mama Neema, huu wimbo una jambo. Teno wanakwenda peke yao."

"Ni wimbo wa Mzee Yafeti," nikamwambia. "Una kina."

"Hebu angalia karatasi."

"Baba Neema, ile kompyuta ya kukosea ilikwisha ondoka. Hii haikosei. Fundisha watu."

Naye, kwa amani ya nyumba, akafundisha. Wiki tatu nzima.

Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana Mzee Yafeti akarudi kutoka Muheza, jicho moja limeshatibiwa, amevaa miwani myeusi, na mkononi ana mfuko wa machungwa. Alitaka apelekwe kanisani moja kwa moja akausikie wimbo wake. Nikamshika mkono nikamkalisha benchi la mbele. Kwaya nzima wakampa shikamoo kwa pamoja, naye akaitika marahaba ndefu, akaegemea fimbo. Mimi nilikaa kando yake nimeinua kidevu, nangoja kusifiwa.

Wakaanza. Soprano wako kwenye ukungu, alto wako kwenye ukungu, besi wamezama kabisa kwenye ukungu, na teno hao, wameshaiona kazi! Wanaume kumi na wawili wanapaza nota za "kazi yako" kwenye maneno ya ukungu, wakati wenzao hawajaiona hata njia. Wakafika kileleni peke yao, wakakaa huko kimya, wakawangoja wengine.

Nilimtazama mzee nikingoja fimbo igonge. Mtu huyu aliwahi kusimamisha ibada ya mavuno kwa sababu ya nusu pigo. Fimbo haikugonga. Wimbo ukaisha, watu wakamtazama, naye akawa anasugua goti lake.

"Mghosi," akamwambia Elia, yaani bwana kwa Kishambaa chetu, polepole, "teno ndivyo nilivyowaandika?"

"Ndivyo ilivyo kwenye karatasi, mzee."

Akatabasamu tabasamu ambalo sikulipenda. "Basi ndivyo. Mimi nilikuwa naukumbuka vingine. Kule Muheza nilikuwa nauimba kila asubuhi, vingine kabisa." Akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini ili nisikie mimi tu, "Mwanangu, nilijua macho yanakwenda. Kichwa nacho sikujua."

Vijana, nimezika wazazi wangu, lakini moyo wangu haujapata kushtuka kama siku ile. Yule aliyekuwa na sauti nne kichwani kwa wakati mmoja alikuwa anakubali, kwa adabu, kwamba amepotelewa na akili, kwa sababu karatasi imesema. Na karatasi ilikuwa yangu. Nilimpokonya soprano mmoja nakala yake, nikaweka kidole, nikaimba teno kwa sauti ya kunong'ona, pigo kwa pigo, kama alivyonifundisha. Kwenye silabi ya nne nikaiona. Nota za teno zilikuwa zimeteleza kushoto.

Ningeweza kungoja. Ningeweza kumwambia Elia nyumbani, akarekebisha kimyakimya, na heshima yangu ikabaki. Nilipomwangalia mzee anavyosugua lile goti, nikasimama.

"Si kichwa chako, mzee," nikasema, na kanisa lote lilisikia. "Kichwa chako kizima. Wimbo ni ule ulioniimbia. Karatasi ndiyo mbovu, na mwenye karatasi ni mimi."

Aliinua uso. "Uliiimba kabla haijatoka?"

"Sikuiimba."

"Hata besi?"

"Hata soprano, mzee."

Nikasikia mtu wa alto anavuta pumzi. Halafu fimbo ikagonga sakafu, pa! Vumbi likaruka. Akasimama bila kusaidiwa na akanisema. Alinisema kwa Kiswahili, akahamia Kishambaa kwa yale mazito, akarudi Kiswahili ili na mgeni kutoka Korogwe aliyekuwa besi apate kuelewa. Alitaja nafasi sita. Alitaja taipureta. Alitaja besi yangu ya mwaka ule na mchungaji dirishani. Na kadiri alivyonisema ndivyo alivyonyooka mgongo, sauti ikapanda, uso ukang'aa, mpaka mimi ninayesemwa nikaanza kucheka, Elia akacheka, teno wakacheka kwa nguvu kuliko wote kwa kuwa si kosa lao. Mwisho mzee mwenyewe akashindwa, akakaa, akafuta machozi chini ya ile miwani.

"Vedi," akasema, yaani vema. "Vedi sana. Lete hiyo mashine tuione."

Nikamwongoza mzee hadi nyumbani kwetu, nikampigia simu Rehema, akaja na sketi ya kazini, hijabu imelowa manyunyu. Aliangalia mara moja tu.

"Mama, ulikuwa unatumia fonti ya taipureta, ile ya upana sawa. Huku haipo, kwa hiyo mfumo ukaazima nyingine iliyo karibu. Nilikuuliza."

"Uliniuliza," nikakubali. "Nikasema herufi ni herufi."

Akamweleza mzee. Kwenye fonti ya taipureta, m na l wanapewa kiti sawasawa. Kwenye hii iliyoazimwa, m anakaa kama mwenyekiti wa kijiji na l anabanwa pembeni. Na teno wa wimbo ule waliishi kwenye l na t mwanzo mwisho, nyembamba wote. Kila walipobanwa wakasogea kushoto kidogo, mwisho wakawa wamelitangulia jua.

"Na wimbo wangu?" mzee akauliza. "Umepotea?"

"Haujapotea hata alama, mzee," Rehema akasema. "Mashine imetunza kila kitu alichoandika mama, na nafasi zote. Tutafute tu fonti nyingine ya upana sawa."

Ilikuwepo, kumbe, ndani humo humo, jina lingine tu. Rehema akanipa nafasi nibonyeze mwenyewe. Nikabonyeza. Nota zote zikarudi kwenye mistari yake kwa mara moja, kama wanafunzi kengele ikilia, kila moja juu ya silabi yake, sita, sita, sita. Vidole vyangu havikuwa vimesahau hata mahali pamoja. Mzee hakuweza kuyaona yale maandishi, kwa hiyo nikamwimbia. Sauti zote nne. Besi ilinikwaruza kifua, lakini niliimaliza, na Rehema akacheka kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Zilibaki siku nane kufika mashindano. Kumfundisha teno wimbo ni kazi. Kumfundisha kuusahau ni adhabu. Elia aliwaita kila alasiri, wengine wakaja na majembe moja kwa moja kutoka shambani, na mzee akakaa mbele yao na fimbo. Kila aliyeiona kazi kabla ya ukungu kuondoka aligongewa sakafu. Ilifika siku ya sita hata mbuzi wakipita nje na wakasikia ile fimbo, wanasimama.

Sasa ninyi wa steshenari, nimestaafu, na mnaniuliza kama mfumo ule unafaa kutegemewa. Unafaa. Laptopu yangu inawaka hadi leo kabla sijakaa, haijaganda, na flashi za jimbo zima zinaingia na kutoka zikishangaa. Ila ukiihama nyumba, andika kwanza ulikuwa na vitu gani ndani, fonti moja moja, na fundi akikuuliza swali usimjibu kwa mbwembwe. Printi moja kabla ya arobaini. Mumeo akikwambia hebu angalia karatasi, angalia karatasi. Na hizo programu zenu za kisasa zinazoimba nota zenyewe, nimezisikia, ni nzuri. Zisikilizeni, halafu mwimbe na ninyi.

Mashindano yalikuwa Soni, kanisa limejaa hadi madirishani. Niliketi kando ya Mzee Yafeti, mkono wangu umeushika wake. Kwaya yetu wakaingia kwenye ukungu, wote pamoja. Teno wakabaki chini. Wakangoja. Wakangoja. Halafu wakapanda, polepole, na soprano, na alto, na besi, na nikasikia mzee anavuta pumzi ndefu na haitoi. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, sijali nani ananitazama.

Ubeti wa tatu teno mmoja, simtaji, akachelewa nusu pigo. Nusu tu. Hakuna aliyesikia kanisa zima, hata waamuzi hawakuinua kalamu. Fimbo ya mzee ikanigonga kwenye kiatu.

"Huyo ni yeye," akaninong'oneza kwa furaha kubwa. "Si karatasi. Wala si mimi."